Bunduki Inagoma: Soma Tambara Kabla ya Kushika Mswaki

Wengi wenye bunduki ya leseni huku kwetu hawana seti ya kusafishia. Mkulima anayelinda mahindi yake dhidi ya nguruwe pori, mlinzi wa ghala, mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha: brashi za dukani ni ghali, na duka lenyewe ni la kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo bunduki husafishwa kwa vilivyomo nyumbani, yaani mswaki, fulana kuukuu, mafuta ya taa, mafuta ya cherehani, hata unyoya wa kuku. Sioni ubaya wowote katika hilo. Kinachoharibu bunduki ni kukimbilia dawa kabla ya kuujua ugonjwa, na dalili karibu zote zimeandikwa kwenye tambara la kwanza linalotoka mtutuni.

Tambara jeusi lenye unga mlaini ni masizi ya baruti, na hayo hulainishwa na mafuta ya taa. Rangi ya kahawia au ya chungwa ni kutu. Mistari ya kijivu inayong'aa ni madini ya risasi yaliyoganda kwenye chuma. Kijani au buluu ni shaba. Vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu ni plastiki ya kile kikombe kinachobeba marisau, zile gololi ndogo za shotigani. Gundi ya kahawia inayonata vidoleni ni mafuta yaliyozeeka. Chumvi ndiyo haionekani kabisa, na ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haitoki kwa mafuta. Inatoka kwa maji. Anayepaka mafuta juu ya chumvi ameifunika tu, na chini ya kifuniko hicho chuma kinaendelea kuliwa.

Kabla ya kugusa chochote

Toa risasi zote, kisha angalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho na uipapase kwa kidole. Fungua, angalia, geuka pembeni, angalia tena. Risasi ziende chumba kingine, si mwisho wa meza ile ile. Kwa gobore la kujazia mdomoni macho hayatoshi: ingiza fimbo mpaka ikome, weka alama kwa kidole mahali ilipofikia kwenye mdomo wa mtutu, itoe, kisha ilaze nje kando ya mtutu. Kama ncha yake haifiki karibu na kiwashio, ndani kuna kitu, na kazi ya kusafisha imeishia hapo mpaka anayejua kulipakua aje.

Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara. Mafuta ya taa hutoa mvuke wa kuweza kushika moto yakipata joto la kama nyuzi 38 na kuendelea, ndiyo maana nayapendelea. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi kali ya chini ya sifuri, kwa hiyo ndani ya nyumba haifai hata kwa kijiko kimoja. Matambara yana madini ya risasi, sumu inayodhuru zaidi watoto, basi usitumie beseni la kuoshea vyombo wala kuacha mswaki ule karibu na miswaki ya familia. Ukimaliza osha mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Na jambo la sheria. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kote mbili kukaa na bunduki kunahitaji leseni. Kwa hiyo usiiache kwa jirani fundi baiskeli "aiangalie mpaka kesho", hata awe na mikono ya dhahabu.

Dalili: inagonga lakini haifyatui

Umevuta kifyatulio, umesikia "ta", kimya. Usifungue. Elekeza mtutu mahali salama na uhesabu angalau nusu dakika, kwa maana fataki, yaani kile kidonge cha kuwashia kilicho kitakoni mwa risasi, huweza kuchelewa kushika. Baadaye toa risasi ile na uitazame nyuma, pale katikati kwenye fataki. Alama ya pini, ule msumari unaogonga fataki, ndiyo itakayokuambia pa kwenda.

Shimo likiwa zuri, la kina, na katikati, bunduki yako haina kosa. Risasi ndiyo mbovu. Mara nyingi imelala mahali penye unyevu, au imeingiwa na mafuta. Hapa niwaseme wapenzi wa WD-40, ile dawa ya kopo ya kupuliza. Ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, kwa kazi ya kufukuza maji kwenye chuma, na kazi hiyo inaifanya vizuri sana. Lakini inapenya kila upenyo, na ukiipulizia bunduki yenye risasi ndani unaweza kuua fataki. Pia ikikauka huacha utando unaonata. Itumie kufukuza maji bunduki iliponyeshewa, kisha uifute yote na uweke mafuta ya kweli.

Shimo likiwa la pembeni, na si risasi ndogo ya .22 ambayo kwa kawaida hugongwa ukingoni, peleka kwa fundi wa silaha aliyeidhinishwa. Hakuna kifaa cha jikoni kinachorekebisha hilo.

Shimo likiwa hafifu, kama ukucha umegusa tu, basi pini inafika imechoka. Ama springi imelegea, ama njia ya pini imejaa gundi. Springi ni ya fundi. Gundi ni ya kwako, na mara nyingi chanzo chake ni chupa iliyotoka jikoni. Mafuta ya alizeti na mengineyo ya kupikia hukauka hewani na kugeuka ulimbo. Tazama pembe za kikaango cha zamani uone yanavyokuwa. Mafuta ya nazi yana kisa chao. Pwani, Tanga au Kilwa, yako majimaji mwaka mzima na mtu anaona yanafaa. Lakini yanaanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mchukue mtu huyo na bunduki yake hadi Njombe mwezi wa Julai, ambako alfajiri joto hushuka chini ya nyuzi 10, na njia ya pini itakuwa imejaa kitu kigumu cheupe kama mshumaa. Mchana jua likitoka bunduki inafyatua kama kawaida, usiku inagoma, na mwenyewe anaapa kuwa imelogwa. Ukisikia bunduki inayogoma asubuhi tu, uliza kwanza imepakwa nini.

Dawa yake: kama ni bunduki ya bolti (kile kipande cha chuma kinachovutwa nyuma kufungua chemba), toa bolti na uilaze kwenye chupa ya jemu yenye mafuta ya taa kwa saa chache. Sugua kwa mswaki, suuza kwa mafuta ya taa mengine yaliyo safi, futa, iache ikauke. Kwa tundu la pini tumia unyoya wa kuku, ule mrefu wa bawa: unaingia, unapinda, hauchani chuma, na hauachi nyuzi kama pamba ya masikio. Kijiti cha meno ni cha pembe za nje tu, kwa sababu kikivunjikia ndani ya tundu umejiletea tatizo jipya. Mwisho weka tone moja la mafuta ya cherehani, kisha lifute kana kwamba ulikosea kuliweka. Njia ya pini inataka kubaki karibu kavu. Kwa shotigani ya kukunja ambayo pini zake zimefichwa ndani, usifungue skurubu. Huko ni kwa fundi.

Dalili: ganda limegoma kutoka

Kwenye shotigani ya boa 12 (kipimo cha upana wa mtutu) hili ndilo lalamiko nililolisikia zaidi. Mtu anafyatua, anafungua, ganda limeng'ang'ania. Anachukua bisibisi na kulichokonoa, na kila mkwaruzo anaouacha kwenye ukingo wa chemba unashika ganda linalofuata vizuri zaidi. Weka bisibisi chini.

Kwanza angalia ganda lenyewe. Ni la urefu gani, na chemba yako imeandikwa ngapi? Mitutu mingi ina alama ya 70 au 76 pembeni, yaani milimita. Risasi ya 76 inaingia kwenye chemba ya 70 bila kulalamika, kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Ukifyatua, mkunjo unafunguka na kukosa nafasi, shinikizo linapanda, ganda linakwama. Hilo si uchafu, na mswaki hautalitibu. Acha kutumia risasi hizo leo hii. Maganda ya zamani ya karatasi nayo huvimba kwa unyevu, na kitako cha ganda kikiwa cha chuma kilichopata kutu kitajikwaa hata kwenye chemba safi.

Maganda yakiwa sawa, mkosaji ni chemba. Ina upana kuliko mtutu, kwa hiyo brashi ya mtutu huipitia juujuu tu. Chukua mpini wa mwiko wa mbao, uzungushie kitambaa cha fulana mpaka uingie kwa kubana kidogo, chovya mafuta ya taa, uzungushe ndani kama unayesonga ugali. Acha robo saa, rudia kwa kitambaa kikavu, tazama. Masizi yatakuwa yametoka. Kama bado kuna mabaka yanayong'aa, ni plastiki, na hapo mafuta ya taa yamefika mwisho wake. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha pia haisaidii, kwa kuwa plastiki ile ni polithini na haiyeyuki humo. Itakachokula ni vanishi ya kitako cha mbao cha bunduki yako. Plastiki hutoka kwa kusuguliwa.

Hapo ndipo inapoingia ile misokoto ya waya ya kusugulia masufuria, na hapo ndipo wengi wanapochana mitutu yao. Inayofaa ni ya shaba tupu. Shaba ni laini kuliko chuma cha mtutu, inakwangua plastiki na madini ya risasi bila kugusa kilicho chini yake. Lakini sokoni mingi yenye rangi ya shaba ni waya wa chuma uliopakwa rangi hiyo. Chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu, na uigusishe. Ikishika, rudisha jikoni. Isiposhika, chomoa nyuzi chache, zungushia brashi iliyochakaa au kitambaa cha kwenye mwiko, weka mafuta kidogo, na usugue kwa mwendo mfupi mfupi. Vipande vya plastiki vitatoka vimejikunja, na ukivikusanya kwenye karatasi nyeupe utashangaa wingi wake.

Usisahau kucha ya kuvutia ganda. Uchafu hujaa chini yake mpaka haiumi vizuri. Mswaki mgumu, tone la mafuta ya taa, kijiti cha meno pembeni, imekwisha.

Dalili: kutu inarudi kila baada ya siku chache

Umesugua, umepaka mafuta, umeweka kabatini. Wiki haijaisha, rangi ya chungwa imerudi pale pale. Kutu inayorudi mahali pale pale ina chumvi chini yake, na kuna mahali chumvi hiyo inatoka.

Ya kwanza ni hewa. Anayeishi mita mia chache kutoka baharini analetewa chumvi na upepo mwaka mzima, kusi iwe ama kaskazi. Ya pili ni jasho la viganja; tazama umbo la kutu, mara nyingi utaona alama za vidole kabisa. Ya tatu wengi hawaijui: fataki za zamani. Risasi nyingi za kijeshi za zama za .303 (risasi ya Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza), na baruti nyeusi ya magobore, huacha ndani ya mtutu mabaki ya chumvi yanayovuta unyevu kutoka hewani. Katika fataki zile kemikali ya kuwashia ilikuwa klorati ya potasiamu, na ikiungua hubaki kloridi ya potasiamu, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Mtutu unaweza kuonekana unameta jioni, na kesho kutwa ukawa mwekundu.

Jeshi la Uingereza lililijua hili vizuri. Bunduki za Lee-Enfield zilimwagiwa maji yanayochemka ndani ya mtutu kwa faneli iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha zikakaushwa na kupakwa mafuta. Maji yanayeyusha chumvi na kuondoka nayo. Joto linapasha chuma, na chuma cha moto kinajikausha chenyewe kabla kutu haijapata nafasi.

Njia hiyo haijazeeka. Toa bolti, au kwenye shotigani ya kukunja tenganisha mitutu na kitako. Funga mbao zilizobaki kwa taulo. Simamisha mtutu mdomo ukiwa chini kwenye ndoo, weka faneli ya plastiki ngumu upande wa chemba, mimina maji yanayochemka, lita moja kwa mtutu, kwa mkondo usiokatika. Shika kwa kitambaa kinene, maana chuma kitaunguza. Kwa gobore, ongeza sabuni ya kuoshea vyombo kwenye maji ya kwanza na umalizie kwa maji matupu. Subiri chuma kikauke, pitisha tambara kavu mara mbili au zaidi mpaka litoke bila unyevu, na wakati mtutu bado una vuguvugu pitisha tambara lenye mafuta ya cherehani. Maji ya uvuguvugu hayatoshi: yanalowesha bila kukauka.

Kutu ya juu, ile ya vumbi tu, itoe kwa mafuta na kitambaa kigumu cha jinzi, au kipande cha shaba kilichopondwa bapa. Paka mafuta, acha usiku kucha, sugua taratibu. Ule waya wa chuma wa masufuria utaondoa kutu pamoja na rangi nyeusi ya bunduki, na chuma kilicho uchi kitapata kutu upesi kuliko mwanzo. Siki na ndimu vivyo hivyo: ni asidi, vinakula kutu, vinakula na ile rangi.

Kisha tazama inapolala. Mfuko wa ngozi ni wa kubebea. Ngozi hushika unyevu na dawa za kiwandani zilizomo ndani yake huushambulia mtutu. Mfuko wenye sponji ni hivyo hivyo. Ndani ya kasha la chuma lililofungwa weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, lakini ujue hushiba. Vikaushe kwenye oveni ya moto mdogo kila baada ya wiki kadhaa, au vibadilishe. Mchele unaosifiwa sana hunyonya kidogo mno. Na mtu wa pili akishaishika bunduki kuiangalia, ifute kwa soksi ya pamba yenye mafuta kabla ya kuirudisha.

Dalili: shabaha imehama

Usianze na mtutu. Anza na skurubu. Zinazoshika kitako hulegea, za kilengeo hulegea, na hakuna kiasi cha mafuta ya taa kitakachorudisha shabaha kama chuma kinacheza juu ya mbao. Tumia bisibisi inayojaza mfereji wa skurubu, usilazimishe.

Skurubu zikiwa imara, tazama mdomo wa mtutu. Ule ukingo ndio mahali pa mwisho risasi kugusa, na kovu dogo upande mmoja linaisukuma pembeni. Chukua pamba ya masikio, uizungushe taratibu kwenye ukingo wa ndani. Ikiacha nyuzi mahali fulani, hapo pana ukwaru. Unarekebishwa kwa mashine, na fundi.

Wanaoutia kovu mdomo wa mtutu mara nyingi ni wasafishaji wenyewe. Nondo, spoku ya baiskeli, waya wa kuning'inizia nguo: vyote ni chuma kigumu kinachogonga pale pale kila siku. Hata kamba inaweza. Askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, walisafisha .303 zao kwa kamba yenye uzito wa shaba mwisho mmoja na vitanzi vya kushikia kitambaa cha inchi 4 kwa 2, na jeshini lilijulikana tatizo la kamba iliyokula mdomo wa mtutu: ikivutwa kwa pembe, na ikiwa imebeba mchanga, inachimba mfereji kwenye chuma kama msasa. Kamba yako ioshe. Ivute iwe katikati, sambamba na mtutu.

Kamba nzuri ya nyumbani ni ule uzi mnene wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi, wa milimita 2.4. Una ugumu wa kutosha kujipenyeza mtutuni bila uzito. Kata kipande kirefu kuliko mtutu kwa shubiri mbili, chonga ncha moja, na nyingine iyeyushe kwa kiberiti kisha uigandamize juu ya kigae mpaka ifanye kichwa kama cha uyoga. Toboa kitambaa kwa ncha iliyochongwa, kisukume hadi kichwani, pitisha kutoka chemba kwenda mdomoni, vuta. Kwa .22 kitambaa cha sentimita 2.5 kila upande kinatosha. Kwa boa 12 kama sentimita 7 na nusu, ukikishika kwa namna ya kujaa mtutu bila kubana mno.

Kama mdomo ni mzima na skurubu ni imara, ndipo ufikirie madini kwenye mifereji ya ndani. Madini ya risasi hukwanguliwa kwa zile nyuzi za shaba. Shaba yenyewe hutolewa na amonia ya kusafishia nyumba iliyopunguzwa, inayorudi kwenye tambara ikiwa ya buluu. Isikae mtutuni zaidi ya dakika chache, ifuatwe na tambara la maji, kavu, na mafuta. Kifaa cha shaba kikigusana na amonia kitatoa buluu hata kama mtutu ni safi, kwa hiyo tumia uzi wa nailoni. Wala usiisogeze amonia karibu na Jik au dawa yoyote ya klorini. Vikichanganyika hutoa gesi inayounguza mapafu. Klorini peke yake nayo hushambulia chuma. Haina kazi yoyote kwenye bunduki.

Dalili: tambara limekwama ndani

Hili linatisha, na hofu ndiyo inayoleta madhara. Kuna mawazo mawili yanayomjia mtu aliyekwama: kuvuta kwa nguvu zaidi, na kulifyatua litoke. La pili ni la kifo. Mtutu wenye kizuizi unaweza kupasuka mbele ya uso wako, na kitambaa kilicholowa mafuta ni kizuizi cha kutosha. Risasi zibaki chumba cha pili.

La kwanza nalo acha. Ukivuta zaidi, kamba inakatika na kitambaa kinabana. Mimina mafuta ya taa kutoka pande zote mbili, kijiko kimoja kimoja, simamisha, subiri saa nzima. Kitambaa kilicholainika hupungua ukaidi. Kisha sukuma kurudi kilikotoka, usiendelee mbele.

Cha kusukumia kinategemea mtutu. Boa 12 ina upana wa milimita 18.5 ndani, lakini mdomo wa shotigani nyingi umebanwa kidogo, kwa hiyo ingiza kutoka mdomoni na usukume kuelekea chemba, ambako ni papana. Bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, lile la milimita 16, linapita vizuri na halichani. Ligonge mwishoni kwa kiganja au kwa mti, mapigo mafupi. Kwa .22 bomba halitaingia na fimbo ya mbao ni hatari: huvunjika kwa mshazari, vipande viwili vinapandiana, na sasa una kabari. Nenda kwa wachomeleaji wa gesi ukaombe fimbo ya shaba ya kuchomelea, ya milimita 4, isiyopakwa dawa. Lainisha ncha kwa msasa, zungushia utepe wa plastiki sehemu kadhaa ili isigonge kuta, sukuma.

Usitie waya wenye ndoano. Usitie skurubu ya mbao kujaribu kulichoma na kulivuta. Kisichosogea baada ya kulowekwa mara mbili kimekwisha kuwa kazi ya fundi.

Madogo madogo

Pampu ya shotigani, kile kishikio kinachosukumwa mbele na nyuma kuingiza risasi, ikienda kwa uzito huwa na vumbi lililochanganyika na mafuta mengi. Futa yote, paka kidogo. Mafuta ya injini mapya yanafaa penye msuguano, kwa kiasi cha tone. Oili chafu iliyotolewa kwenye gari ina asidi na unga wa chuma, isikaribie.

Kitako kilichokauka kinapenda mafuta ya kitani, yaliyopakwa kwa kiganja na kufutwa. Matambara yake yaloweshe maji au yatandaze nje yakauke moja moja; yakirundikwa yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Kitako kikiwa cheusi na laini karibu na chuma, kimenyweshwa mafuta ya bunduki kwa miaka. Hifadhi bunduki mdomo chini kwa siku ya kwanza baada ya kusafisha, mafuta ya ziada yatiririke kwenda nje badala ya kuingia kwenye mbao.

Dawa ya kusafishia breki ya kopo inaondoa gundi haraka sana, ni kweli. Inaondoa pia vanishi, inadhoofisha baadhi ya plastiki, na inaacha chuma kikavu kabisa. Ukiitumia, iwe nje, na upake mafuta dakika ile ile.

Mtutu ukiwa safi, kabla ya kuurudisha, uelekeze kwenye dirisha lenye mwanga na utazame ndani kutoka chemba. Mwanga uende sawasawa hadi mwisho. Ukiona pete nyeusi inayozunguka ambayo haitoki hata baada ya kusugua, pitisha kidole nje ya mtutu mahali hapo pole pole. Kama unahisi uvimbe, hata mdogo kiasi gani, mtutu huo uliwahi kufyatuliwa ukiwa na kizuizi na chuma kimetanuka. Usiupake mafuta ukaendelea nao. Bunduki hiyo isifyatuliwe tena mpaka fundi wa silaha aliyeidhinishwa aipime.